Mjane Mwenye Mume

Sehemu ya tisa

"Simfahamu."

Neno hilo ndilo tulilolala nalo wiki nzima. Witness alilitamka Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya wageni sitini na ushee, ndani ya lile ghala la zamani la kahawa pale Karatu ambalo siku hizi limepakwa chokaa na kuitwa nyumba ya sanaa. Alilitamka huku akimtazama mzee mwenye shuka nyekundu iliyojaa vumbi, fimbo mkononi, katambuga za tairi miguuni, amesimama mlangoni.

Na mzee huyo, kama mlivyokwisha kunong'onezana huko kwenye vijiwe vya chai, ni Mzee Senteu wa Malambo. Baba yake mzazi.

Sasa tuendelee, maana neno lenyewe halijapoa.

Mzee Senteu hakufoka. Hakuinua fimbo. Afadhali angefoka; Witness angelia, angekimbilia chooni, na aibu ingekwisha kwa kishindo kimoja. Mzee alitikisa kichwa taratibu tu, kama mtu aliyeelekezwa njia sokoni, akasema:

"Samahani, mama. Nimekufananisha."

Mama! Anamwita binti yake wa mwisho "mama", kwa adabu ile ile anayompa karani wa wilayani. Witness alisikia joto likipanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likakaa masikioni.

Na shingo yenyewe ilitaka kumsaliti. Kwao, mtoto akikutana na mkubwa wake huinamisha kichwa, na mkubwa akamgusa utosini kwa kiganja. Ndiyo salamu. Witness ana miaka ishirini na tisa, ana digrii, ana miwani ya jua ya kuweka juu ya nywele, lakini shingo yake ilikuwa inainama yenyewe ikitafuta kile kiganja.

Akaikaza. Mzee akaona inavyokazwa. Akaupeleka mkono wake nyuma ya mgongo, akauacha huko.

"Karibu sana, mzee wetu!" Huyo ni Bwana Isaya, mratibu wa maonyesho kutoka Dar es Salaam, mtu wa miwani ya duara na skafu shingoni hata jua likiwaka. Ndiye aliyepanda hadi Karatu kuchagua kazi kumi za kupeleka kwenye maonyesho makubwa ya jijini. Kazi anayoipenda huibandika stika ya kijani. "Hapa ni pa watu wote. Witness, mtembeze mzee, mweleze."

"Mimi?"

"Kwani nani? Si wewe mwenyeji?"

Kwenye kona, Martha alikohoa kicheko. Martha ni mchoraji wa Kansay, anaishi chumba kimoja na Witness nyuma ya stendi. Picha zake za akina mama wakivuna vitunguu zilinyimwa stika ya kijani, kwa kuwa Bwana Isaya alisema zina furaha mno.

"Mwenyeji," Martha akasema, "mgeni anasubiri."

Witness alimpeleka kwanza kwenye vinyago, akitumaini mzee atachoka. Mzee hakutazama vinyago. Alitembea moja kwa moja hadi mwisho wa ukumbi, kwenye sanduku la kioo lililotundikwa ukutani na kumulikwa kwa taa yake peke yake. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na stika ya kijani.

"Hii nayo ni nini, mama?"

Ndani ya kioo zilining'inia surutia mbili: misokoto ya shaba iliyoshonewa kwenye kamba za ngozi, na shanga pembeni. Mzee alizijua zaidi ya alivyovijua vidole vyake. Alikuwa ameziona zikining'inia kwenye masikio ya mke wake kila alfajiri kwa miaka mingi.

"Ni... ni surutia, mzee."

"Ala! Surutia. Za nani?"

"Za mama mmoja wa Malambo."

"Malambo nimewahi kupita. Na hii karatasi inasemaje? Macho yangu hayakwenda shule."

Witness akaisogelea karatasi kama anayetaka kuificha kwa mgongo.

"Nikusomee, mzee wangu?" Martha alikwisha fika, mikono kiunoni. Akasoma kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani: "Surutia ya Mjane. Mume wake aliuawa na simba akitetea ndama wake. Tangu siku ile, masikio ya mama huyu yako kimya."

Wageni waliokuwa karibu wakashusha pumzi. Mama mmoja wa kizungu akashika moyo.

Niwakumbushe ilivyokuwa. Siku kumi na moja nyuma, Bwana Isaya aliziona surutia hizo kwenye picha ya simu ya Witness, akasema, "Nzuri, lakini inaniuma wapi? Nani alilia?" Witness, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiota kazi ya jijini, alishuka Malambo akamwambia mama yake, "Ni za kupigwa picha tu, yeyoo. Alhamisi nazirudisha, papa hatakuwa amerudi na ng'ombe kutoka Loliondo." Mama Sintamei akazivua kwa moyo mzito, ndani, mlango umefungwa. Witness akarudi Karatu, akaketi mbele ya kompyuta, akamuua baba yake kwa mistari mitatu bila hata kunyanyuka kwenye kiti.

Na Alhamisi ikapita. Papa naye akarudi mapema.

"Aliuawa na simba," Mzee Senteu akarudia. "Maskini. Simba dume au jike?"

"Haiku... haikusemwa, mzee."

"Alimkamata wapi? Maana wa kwetu huanzia tumboni."

Watu wawili watatu wakacheka. Wengine wakasogea. Bwana Isaya akasogea zaidi, simu mkononi.

"Sijui alimkamata wapi," Witness akasema, akiitazama sakafu.

"Hukuuliza? Mtu afe namna hiyo usimuulize?" Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Haya. Alikuwa na watoto?"

"Wanne."

"Wasomi?"

"Mmoja alisoma."

"Wa kiume?"

"Wa kike."

"Aa. Huyo mimi nimesikia habari zake." Mzee akageukia wageni, akaegemea fimbo, na sauti ikanyooka, ile sauti anayoitumia kwenye vikao vya wazee. "Tena marehemu mwenyewe nilimfahamu."

"Ulimfahamu?" Bwana Isaya nusura adondoshe simu.

"Kwa karibu. Tulilala nyumba moja. Tulikula bakuli moja. Akiumwa jino, mimi ndiye nilikuwa silali."

Ukumbi ukawa umemzunguka wote. Witness alitaka kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na kioo, na ndani ya kioo mlikuwa na mama yake.

"Marehemu alikuwa mtu mpumbavu kidogo," mzee akaendelea, na watu wakacheka. "Siku ya kumpeleka yule binti shule ya bweni, gari la kijiji liliharibika. Akampeleka kwa miguu. Binti ana tranka la chuma, zito, hawezi kulibeba. Sasa kwetu mwanaume habebi mzigo kichwani. Hiyo ni kazi ya wanawake na punda. Marehemu alijitwika tranka kichwani, mchana kweupe. Kila boma walilopita, rika lake walitoka nje kumcheka. 'Umeolewa lini?' wanamuuliza. 'Mumeo hajambo?'"

Wageni walicheka hadi kioo kikatikisika. Witness hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tatu siku hiyo. Alitembea nyuma ya tranka lile siku mbili. Wanaume walipocheka, yeye ndiye aliyeona haya, akapunguza mwendo ili watu wasijue kuwa yule mwenye tranka ni wake.

Kumbe alikwisha kumkana hata zamani. Jambo hilo lilimpiga ghafla, pale pale chini ya taa.

"Binti alimshukuru?" akauliza mama mmoja wa loji ya watalii.

Mzee Senteu akamgeukia Witness kwa upole usiovumilika.

"Mama mwenyeji atajua. Alimshukuru?"

Macho yote yakamgeukia.

"Sijui, mzee," Witness akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Nadhani... nadhani hakumshukuru."

"Basi liandikeni na hilo kwenye karatasi," mzee akasema.

Makofi! Naam, watu walipiga makofi. Bwana Isaya alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya skafu.

"Mzee," akasema, "mzee, wewe ni hazina. Kesho nakwenda nawe Dar. Utasimama kando ya surutia hizi, utasema maneno haya haya. Chakula juu yetu, hoteli juu yetu."

"Kumzungumzia marehemu?"

"Hasa!"

"Na mjane wake hamtamwalika?"

"Ah, mjane! Tungempata mjane mwenyewe, mzee, mimi ningelala chini nikagaragara. Lakini tutampatia wapi?"

"Hayuko mbali," mzee akasema.

Witness akanyanyua uso. Hayuko mbali?

Kabla hajaelewa, mlango wa ghala ukasukumwa kwa bega. Aliingia Hhando, dereva wa Landrova, mtu mrefu wa Kansay mwenye kofia ya sufu, amelowa jasho, na hakumtazama mtu yeyote kati ya wale wenye vikombe vya kahawa.

"Mzee! Wewe mzee! Umeniambia dakika kumi. Mama kule garini anauliza vitu vyake umeshavipata au hujavipata, na mimi nataka kurudi, leo nina mzigo wa mahindi."

"Mama gani?" Bwana Isaya akadakia.

"Mama ni mama! Tangu jana alfajiri nimewatoa Malambo, mmoja kakaa mbele anaangalia barabara, mwingine kakaa nyuma kajifunika shuka hadi puani. Hawatazamani! Mimi katikati nimekuwa redio. 'Mwambie anywe maji.' 'Mwambie sina kiu.' 'Mwambie tumefika langoni.' 'Mwambie nina macho.' Jamani, tumelala kwa shemeji yangu, huyu kalala sebuleni, yule jikoni, na katikati wametundika blanketi. Nimeendesha magari miaka ishirini, sijaona safari ya namna hii."

Watu wakaangua kicheko. Witness peke yake ndiye aliyeelewa.

Kwa watu wa kwao, mke mwenye surutia hamwachi mume wake amwone masikio matupu. Masikio matupu ni ya msiba. Mume akiyaona kwa mke wake ilhali yeye yu hai, ni kama kaoneshwa kaburi lake na kuambiwa pima. Kwa hiyo siku mzee aliporudi na ng'ombe, Mama Sintamei alikimbilia nyumba ya jirani, na siku nne nzima wakawa wanasemezana kupitia ukuta wa udongo. Mzee alikula kwa watu. Boma zima lilikuwa likiulizana kulikoni. Na mama, ambaye hajawahi kukanyaga Karatu, ameketi sasa hivi nje, kwenye Landrova iliyo juani, amejifunika, anasubiri binti yake amrudishie mume wake.

"Mama huyo ni nani, mzee?" Bwana Isaya akauliza, pumzi juu juu.

"Si mmeandika wenyewe?" mzee akajibu. "Ni mjane."

Ukumbi ukalipuka. Bwana Isaya alikwisha geuka. "Mpigapicha! Yuko wapi mpigapicha? Taa ile leteni huku! Mleteni mama, mleteni taratibu, msimtishe..."

"Hapana!"

Witness alikuwa amesimama mbele yake, mikono imepanuliwa, na miwani ya jua imeanguka sakafuni.

"Hapana, Bwana Isaya. Hakuna mjane. Hakuna simba. Nilitunga. Yule garini ni mama yangu. Na huyu..." Akamgeukia mzee. "Huyu hajafa. Huyu ni baba yangu."

Ungesikia sisimizi akipiga chafya.

Witness akamwendea mzee. Mbele ya watu wa loji, mbele ya wachoraji wenzake, mbele ya Martha, akaachia shingo. Kichwa kikainama chini kabisa, nywele za saluni zikamwangukia usoni, akakisogeza pale kinapotakiwa kuwa, chini ya mkono wa mzee.

"Papa," akasema.

Akangoja.

Aliona katambuga za baba yake. Aliona vumbi la njia nzima kwenye vidole vile. Kiganja hakikushuka.

"Mzee," Bwana Isaya akauliza, "ni kweli? Huyu ni binti yako?"

Mzee Senteu akakiangalia kile kichwa kilichoinama.

"Simfahamu," akasema.

Jamani!

Witness alibaki vile vile, ameinama, kama mtu anayetafuta sindano. Mtu mmoja akacheka kwa woga. Mwingine akanong'ona, "Huyu dada kachanganyikiwa." Aibu ilipita kiwango cha kuungua, ikawa baridi. Na kilichomuuma si kwamba amekanwa. Kilichomuuma ni kwamba sasa alijua ladha ya neno lile alilomlisha mzee asubuhi.

"Witness, simama," Bwana Isaya akasema kwa meno. Hakuwa na tabasamu tena. "Najua una presha ya safari. Lakini usinivurugie mambo. Mwenyewe kasema hakufahamu. Unataka nimwamini nani, mzee wa watu au mtu anayesema alitunga?"

Hapo alipatikana. Alipodanganya aliaminiwa, aliposema kweli akaonekana mwehu.

"Mimi namwamini," Martha akasema kutoka pembeni.

"Wewe nyamaza na vitunguu vyako!"

"Vitunguu vyangu havijamuua mtu, Bwana Isaya."

Witness aliinua kichwa. Hakupangusa machozi. Alikwenda kwenye sanduku la kioo, akatafuta kitasa pembeni.

"Ukigusa hicho," Bwana Isaya akasema, "Dar isahau. Na si Dar tu. Nitahakikisha hupati hata kazi ya kufagia ukumbi wa maonyesho nchi hii."

Kidole chake kikasita. Miaka minne! Miaka minne ya kupiga misumari, kubeba picha za wengine, kuandika vibandiko, kunywa chai ya rangi mchana ili apate nauli. Aliitazama stika ya kijani. Halafu akakumbuka mama amekaa nyuma ya gari, ameshika shuka kwa mikono miwili.

Akafungua. Akazichukua surutia. Shaba ilikuwa ya moto kwa sababu ya taa.

Akampelekea baba yake kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimeliwa na simba," akasema polepole, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nitabebaje vitu? Mpe mwenyewe."

Akageuka. Akauelekea ukuta, mgongo kwa watu, paji la uso karibu liguse picha moja ya Martha, akasimama hivyo kwa fimbo yake. Wageni walidhani amekasirika. Witness alijua sivyo. Mzee alikuwa anampisha mke wake apite asionekane.

Na kweli, Hhando alipojitenga mlangoni, mama alikuwa ameshuka garini, amesimama pale pale.

Mama Sintamei alikuwa mdogo kuliko Witness alivyomkumbuka. Shuka la bluu lilimfunika kichwa, limebanwa chini ya kidevu kwa vidole. Macho tu ndiyo yaliyoonekana. Hakujua kama watu wote wale wanatazama picha au wanamtazama yeye.

"Yeyoo," Witness akasema.

"Umekonda," mama akajibu. Hilo tu. Halafu kwa sauti ya chini, "Amegeuka?"

"Amegeuka."

"Hawezi kuniona?"

"Hawezi. Anatazama ukuta."

"Basi fanya haraka, mwanangu. Nimechoka kuwa mgeni wa mume wangu."

Witness akamvuta kando, akaingiza mkono ndani ya shuka kama mtu anayepima homa. Sikio la kulia akalipata, tundu lake refu na laini, ambalo alilichezea akinyonya. Akapitisha kamba ya ngozi. Pumzi za mama zilimpiga Witness shavuni. Harufu ya moshi, ya maziwa ya kibuyu. Surutia ya kwanza ikaning'inia.

"Moja," mama akasema. "Ya pili."

"NGOJENI!"

Bwana Isaya. Alikuwa amebadilika tena, uso unang'aa, hasira zote zimeyeyuka. Watu wa namna hiyo hawakai na hasira mahali penye picha nzuri.

"Mnaona kinachotokea? Jamani mnaona? Mjane anarudishiwa surutia zake! Hii haijapangwa! Hii ndiyo sanaa hai! Witness, nimekusamehe, kila kitu nimekusamehe, Dar unakwenda, ila fanya polepole na ugeukie huku. Mpigapicha, ingia. Mama, toa shuka kidogo tuone uso."

"Mwache!" Witness akapiga kelele. "Hajui..."

Lakini yule mama wa kizungu aliyeshika moyo alikuwa karibu zaidi, na alikuwa na nia njema tele. Alinyoosha mkono, akatabasamu, akaishika pembe ya shuka ili kumsaidia mama wa watu apendeze kwenye picha.

Akavuta.

Shuka la bluu likateleza kichwani, likaanguka mabegani, likafika sakafuni. Mama Sintamei akabaki wazi mbele ya kamera, sikio moja lina shaba, sikio la kushoto tupu, kamba ndefu ya nyama inaning'inia bila kitu. Alitoa sauti ndogo. Hakuwa na mkono wa kujifunika nao. Mmoja Hhando aliudaka akidhani mama anaanguka, mwingine ulishikiliwa na mpigapicha anayetaka asogee kwenye mwanga.

"Na mzee! Rafiki wa marehemu!" Bwana Isaya alikuwa tayari kule ukutani. "Tunawataka wote wawili pamoja! Geuka mzee, geuka utazame mjane!"

"Niache," mzee akasema, uso ukutani.

"Picha moja tu, mzee!"

"Niache, nimesema! Nimefumba macho!"

"Fumbua basi, baba, picha ya mtu aliyefumba macho haifai!" Akamshika mabega yote mawili, yeye na kijana wa taa, kwa heshima kabisa, namna watu wa mjini wanavyowashika wazee, wakaanza kumgeuza. Fimbo ikakwaruza sakafu. Kisigino cha katambuga kikageuka. Mzee ni mfugaji lakini ana miaka sabini na mbili, na waliomshika walikuwa wawili.

Witness aliitazama surutia ya pili mkononi mwake. Kamba imejikunja. Hakuna muda wa kuinyoosha, hakuna muda wa kutafuta tundu.

Akaiachia ianguke. Akarukia upande wa kushoto wa mama yake, akalifunika lile sikio tupu kwa kiganja, akalibana kwa nguvu zake zote, na shavu lake akaliweka juu ya kiganja.

Taa ikawaka. Kamera ikalia.

Mzee Senteu alikuwa amewakabili. Kwa kusukumwa, kwa kuyumba, kwa kutafuta mahali pa kuweka fimbo asianguke, macho yake yalikuwa yamefumbuka.

Alimwona mke wake, baada ya mwezi na nusu. Sikio la kulia lina surutia. Upande wa kushoto palikuwa na mkono wa msichana mwenye kucha za rangi, umebana.

Hata Bwana Isaya alihisi kitu, akamwachia mabega.

Mzee alikwenda hadi walipo. Aliiokota ile surutia ya pili sakafuni, yeye aliyesema hawezi kubeba. Alimtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Ndipo akamtazama yule mwenye mkono, kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu ambacho hakuna mtu wa kumsomea.

"Witness," akasema.

Jina lake! Machozi yakamtoka kabla hajajibu.

"Papa."

"Toa huo mkono," akasema, akiinyoosha ile kamba ya surutia.